Rafiki yangu alitapika alfajiri kilimani: ilikuwa mazuku au makala ya mbabula?

FundiWaBirere, 9 Juni 2019

Wandugu, naomba mwenye elimu anisaidie: ni mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini huku kwetu, au ni makala, yaani makaa, ya mbabula, jiko letu la kubeba? Jambo hili nimelibeba tangu Septemba mwaka jana, na wiki hii limenirudia kwa mlango mwingine.

Mimi ni fundi wa kushona, mtaa wa Birere hapa Goma. Mashine yangu imesimama juu ya lava ya 2002, ile iliyopita katikati ya mji hadi ziwani. Rafiki yangu ni motari, mwendesha pikipiki ya abiria. Tumeketi benchi moja tangu darasa la kwanza. Jumamosi ile alikuja saa nane mchana, akasimamisha pikipiki mbele ya kibanda bila kuizima, akasema: “Funga mashine. Usiku huu mlima utawaka vizuri, twende tukalale mahali tuuone.” Kupanda volkano yetu ya Nyiragongo kwenyewe hakukuwezekana. Hifadhi ya Virunga ilikuwa imefungiwa watalii tangu katikati ya mwaka, na hata ikiwa wazi bei yake si ya mfuko wetu. Lakini yeye alijua kilima kimoja upande wa ziwa dogo la Lac Vert, ukishapita Mugunga, ambako mteja wake mzee analima. Nilikuwa na suruali mbili za watu za kumaliza. Niliziacha mezani.

Hema hatukuwa nalo. Nilikuwa na shitingi mbili za plastiki za kufunikia mzigo. Nikabadilisha sindano, nikaweka ile nene ya kushonea jinzi, nikaunganisha kwa uzi wa nailoni, mshono mara mbili. Pembeni nilikunja kabla ya kushona ili upepo usipate pa kupenya. Nyuma nilifunga kabisa. Mbele niliacha mlango wenye pazia. Ilinichukua kama nusu saa, na nawaambia ukweli, niliifurahia kazi ile. Nilipoinyoosha juani sikuona hata tundu moja la mwanga.

Njiani tulinunua mikate, sambaza za kukaanga, kipande cha fromaji ya Masisi na bidoni ya maji ya lita tano. Tulipofika tulimwendea mzee mwenye shamba, tukamwambia: “Papa, tunaomba tulale hapa kwako, tuangalie mlima.” Akatutazama, akatuuliza kama wazazi wetu wanajua, ingawa sisi ni watu wazima. Halafu akatupeleka ukingoni akatuonyesha shimo pana chini yetu, majani yake yamenyauka, ya rangi ya kahawa, wakati pande zote kulikuwa kijani. “Mule msishuke, hata kwa haja. Ni mazuku. Laleni hapa kwenye maharagwe. Maharagwe yakikubali kuota, na nyinyi mtaamka.” Jioni mke wake, mama mwenye roho nzuri sana, akatuletea mbabula yenye makala mekundu. Alisema baridi ya huku si ya mjini.

Giza liliposhika, mlima ukaanza. Kwa mtu aliyezaliwa Goma wekundu ule si mgeni, tunauona hata toka uani. Lakini kule hakuna taa, na hakuna jenereta ya jirani. Ule mwanga haukutulia. Ulipanda na kushuka polepole chini ya mawingu kama kifua cha mtu aliyelala. Tulikaa pale tukila, rafiki yangu akanisimulia mambo ya marehemu baba yake ambayo sikuwahi kuyasikia kwa miaka yote hiyo. Usiku ule ulinifaa kuliko safari yoyote niliyowahi kupanga.

Saa nne usiku mvua ikaja. Tukaingia ndani, na mbabula tukaingiza. Moshi ulikuwa umekwisha, yamebaki makala tu yenye jivu juu, tukaona hayana neno. Yeye alilala ndani kabisa, karibu na mbabula, kwa sababu alikuwa amelowa. Mimi nililala mlangoni, kichwa kimetoka nje ya pazia kidogo, nikitumaini mawingu yatafunguka.

Yalifunguka saa kumi alfajiri. Nikamwita, “Amka uone.” Kimya. Nikamshika mguu, mguu ukawa kama nguo iliyolowa. Nikamvuta kwa miguu yote miwili hadi nje kwenye maharagwe, nikimpiga mashavuni na kumwita jina. Alifumbua macho, akatapika, akajaribu kusimama akaanguka. Hadi saa sita mchana alishika kichwa kwa mikono miwili. Mchana huo tulipita kwenye zahanati moja. Wakamwekea kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikaonyesha 97, wakasema hewa iko sawa, ni uchovu, wakampa parasetamoli.

Sasa, tulipokuwa tukishuka asubuhi tuliona ndege wawili wadogo wamekufa kwenye ukingo wa lile shimo. Tangu hapo yeye anasema ilikuwa mazuku. Mimi nasema ni mbabula. Ninasema hivyo kwa sauti ndogo, kwa sababu kama ni mbabula, basi ni hema langu.

Nauliza leo kwa kuwa mdogo wangu anamaliza mtihani wa Serikali mwezi huu, na yeye na mwenzake wanataka kwenda kisiwa cha Idjwi kulala mlimani siku mbili. Ameniomba ile shitingi. Nimpe? Na nimwambie ajihadhari na nini?

---

MamaWaMugunga

Pole sana mwanangu, na umshukuru Mungu kwa kumwamsha mwenzako. Mimi ninaishi huku. Mazuku imeniulia mbuzi wawili asubuhi moja, wamelala upande kama wamepumzika, bila kidonda. Ilikuwa kabla jua halijatoka, na hakukuwa na upepo hata kidogo. Watoto wetu tunawafundisha: ukiona mjusi au ndege amekufa mahali pa chini, usiiname kumwokota, rudi ulikotoka. Ukimwona hata mbwa wako ameanguka mule, mwache, maana wengi walikufa wakifuata mnyama au wakimfuata mtu. Huyo mzee aliwapa shauri zuri sana. Lakini gesi ile usiku inajaa, inapanda. Mimi nadhani iliwafikia.

---

MuuguziHimbi

Kaka Fundi, kabla sijasema kitu nijibu mambo matatu. Mlikuwa na taa gani ndani, na iliwekwa wapi? Asubuhi mbabula ilikuwa imezimika au bado? Na wewe mwenyewe uliumwa na kitu?

---

FundiWaBirere

Aksanti dada. Tulikuwa na mshumaa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, umekaa chini kabisa, kati yetu. Uliwaka mpaka mwisho. Asubuhi nilikuta nta imeganda chini ya mkebe na utambi umeungua wote. Mbabula nilipoimwaga, chini ya jivu bado mlikuwa na makala mekundu manne au matano. Mimi kichwa kilikuwa kizito kidogo, nikadhani ni usingizi.

---

MuuguziHimbi

Basi kwangu mimi jibu liko kwenye ule mkebe wa maziwa.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini kama maji. Ingeingia hemani mwenu kwa wingi wa kumlegeza mtu mzima, ingeanza na kile kilichokuwa chini kuliko vyote, mshumaa. Ungezimika. Na makala yasingefika asubuhi mekundu.

Makala yanatoa kitu kingine, kaboni monoksidi. Hiyo haina harufu, haina rangi, na uzito wake unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo inaenea hema zima, juu na chini. Hatari yake ni kwamba inatoka hata moshi ukiwa umekwisha, pale watu wanaposema “sasa ni salama, tuingize ndani”. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, na oksijeni inakosa pa kukaa. Aliyelala haamki kukohoa. Anazidi tu kuzama usingizini. Kuumwa kichwa, kutapika, miguu isiyobeba mwili, ndivyo wanavyokuja kwetu, hasa miezi ya baridi na mvua, mara nyingine familia nzima.

Wewe ulikuwa na pua nje ya pazia. Yeye alikuwa ndani kabisa. Haya yote yanapatana.

Na kuhusu kile kifaa cha kidoleni, watu wengi hawajui, hata baadhi ya wenzetu wa kazi: kinapima rangi ya damu, na damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi ina wekundu unaokidanganya. Mtu anaweza kuonyesha 97 na huku anakosa hewa. Mgonjwa akiwa amelala na makala, semeni hivyo tangu mlangoni, mara ya kwanza kabisa, ili apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida nusu ya ile gesi inachukua saa nne au tano kutoka mwilini. Kwa oksijeni ya barakoa ni kama saa moja na nusu. Ndiyo maana rafiki yako aliumwa hadi mchana.

Ulipomvuta nje ulimpa dawa ya kwanza na iliyo bora. Hilo nalo ulibebe, usibebe shitingi peke yake.

---

MweneJiwe

Ninasoma jiolojia, naongeza kidogo. Mama wa Mugunga hajakosea kuhusu tabia ya mazuku: inajaa usiku na alfajiri kukiwa kimya, jua na upepo vinaitawanya. Wale ndege wawili bila shaka ni kazi yake. Ila ardhi mliyolala ilikuwa juu na ilikuwa na mazao. Mizizi ya maharagwe haiwezi kuishi kwenye udongo uliojaa gesi ile, mzee aliwapimia kwa jicho.

Kuhusu Idjwi: mazuku tunayoijua hapa inafuata volkano na nyufa zake, kati ya Goma na Sake na kwenye pwani ya huku kaskazini. Idjwi sehemu kubwa ni mawe ya kale sana, hakuna Nyiragongo pale. Kwa hiyo huko mdogo wako hofu yake kubwa iwe mvua ya mlimani, utelezi, na mbabula.

---

KambiYaZamani

Nimelala nje na vijana wa skauti miaka mingi, Kabare na Masisi enzi zile za utulivu. Fundi, shitingi mpe, ila ifungue. Plastiki haipumui kama turubai, hata bila moto ndani mtaamka mmelowa kwa pumzi zenu wenyewe. Fumua juu nyuma na juu mbele, hewa ipite moja kwa moja, na juu ya kila tundu shona kijikofia cha kuzuia mvua.

Joto: mawe mawili ya ukubwa wa ngumi yakaushwe kwanza kando ya moto, yasiwe yametoka majini maana hupasuka. Yakishika moto, zungushia kitambaa kizito, weka miguuni. Au chupa ya maji ya moto. Moto wenyewe ubaki nje hata mvua ikinyesha. Na wakifika wamwone kwanza mkubwa wa kijiji, kama nyinyi mlivyomwona yule papa.

---

FundiWaBirere, 11 Juni 2019

Wandugu, aksanti sana. Mama, nimekuelewa, na pole kwa mbuzi wako.

Jana jioni nilimsomea rafiki yangu haya yote hapa kibandani, simu mkononi, neno kwa neno. Nilipofika kwenye mshumaa alinyamaza muda mrefu. Alikumbuka yeye ndiye aliyeuweka pale chini, ili usiangukie shitingi. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya hema. Akaniambia yeye ndiye aliyebeba mbabula kuiingiza ndani, mimi nilikuwa nashikilia pazia tu. Kumbe miezi yote hii alikuwa anasema mazuku kwa sababu hiyo. Aliogopa kwamba angeweza kuniua.

Kesho tunakwenda kwa yule papa na mkewe. Tutawapelekea sukari na sabuni, na nitawaeleza habari ya makala, kwa upole, kwa sababu wao wenyewe hulala na ile mbabula ndani ya nyumba mvua inaponyesha. Mama alituambia hivyo usiku ule, sikutilia maanani.

Shitingi nimeifumua leo asubuhi. Nyuma juu, upana wa kiganja na nusu. Mbele vilevile. Vijikofia nimevikata kwenye mguu wa suruali ya zamani, ile ya kaki nzito, nikaviwekea kijiti cha mwanzi kwenye pindo visilale. Nimeisimamisha uani, nikaingia ndani nikafunga pazia, nikawasha kiberiti nikakizima. Moshi wake ulipanda, ukasitasita kidogo, ukatoka kwa nyuma.

Mdogo wangu anaondoka tarehe 28 na boti ya asubuhi.