Mbwa wangu ana uvimbe laini ubavuni: nimwache au akapimwe?

Mleta uzi:
Wakuu, habari zenu. Ninaishi Morogoro na ninafuga mbwa dume mwenye umri wa miaka 9. Miezi miwili iliyopita, nilipokuwa nikimtoa kupe, niligusa uvimbe ubavuni, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, ambao sasa umefikia ukubwa wa ndimu. Ni laini, ukiusukuma kwa kidole unateleza chini ya ngozi, na mwenyewe hashtuki wala halii. Anakula vizuri. Jirani yangu anaamini kuwa ni jipu lililoiva na ananihimiza nilipasue kwa wembe uliochemshwa, lakini moyo wangu unakataa, kwa sababu mbwa huyu amekua pamoja na wanangu. Naomba ushauri wenu.

Jibu la 1:
Pole, mkuu. Wembe usiukubali kabisa. Jipu huwa na joto, huuma, na hujitokeza ndani ya siku chache, ilhali unachokieleza kinafanana zaidi na lipoma, yaani mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi, jambo linalowapata sana mbwa wazee na walionenepa. Jike wangu ameishi na uvimbe wa namna hiyo kifuani kwa miaka 4 bila shida. Kuna pia vifuko vya ngozi vyenye uchafu mweupe, mzito kama ugali mlaini. Navyo ukivibinya hupasukia ndani, na hapo ndipo usaha na maumivu huanza.

Jibu la 2:
Kuhusu wembe tuko pamoja, lakini tusimpe mwenzetu uhakika ambao vidole haviwezi kuutoa. Ninatibu wanyama, na nimejifunza kwamba saratani ya seli za masti (aina ya seli za kinga zilizomo kwenye ngozi) inaweza kuwa laini na yenye kuteleza vilevile, tena huvimba na kunywea, hata mwenye mbwa akadhani inapona. Uvimbe uliozidi sentimita 1, au uliokaa mwezi mzima, uchukuliwe sampuli: daktari huuchoma kwa sindano nyembamba, hufyonza seli chache, huzipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Ikithibitika kuwa ni lipoma, kwa kawaida huachwa, isipokuwa ikiwa kwapani au kwenye kinena na inamzuia kutembea vizuri. Hapo Morogoro mna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mpeleke huko.

Jibu la 3:
Naongeza kwa wenye mbwa wadogo, hasa sisi wa Pwani: tazameni kama uvimbe una kitundu katikati. Huenda ni funza wa yule nzi anayetaga kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi. Pakeni mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu ili akose hewa na kujisogeza nje, kisha mtoeni taratibu bila kumpasua.

Mleta uzi:
Nawashukuru sana. Uvimbe wa mbwa wangu hauna kitundu. Nitampeleka Jumatatu. Je, alale bila kula, na atapigwa sindano ya usingizi?

Jibu la 2:
Mara nyingi kipimo hiki hakihitaji usingizi, ila wapigie simu uwaulize kuhusu chakula, kwani wakali hutulizwa kwa dawa. Leo upime uvimbe kwa rula, uandike tarehe, na umpapase mwili mzima, kwa sababu mbwa wa umri huo mara nyingi huwa na zaidi ya mmoja, na kila mmoja unastahili sindano yake.