Mashine ya kunasa pakiti: faili zina mapengo na diski inajaa

Mtumba_Nyaya
Habari za kazi wakuu. Ofisi ipo Mtumba, Dodoma, watumiaji kama 120, laini ya faiba Mbps 200 kwenda na kurudi. Kila siku kati ya saa nne na saa sita mfumo wa malipo, ambao seva yake ipo Dar, unaganda sekunde kadhaa kisha unaendelea. Mtoa huduma anasema laini ni safi, wa seva naye anasema seva ni safi. Nimeweka kompyuta ya Debian yenye kadi mbili za Gbps 1 na diski ya TB 4, kwenye poti ya SPAN (inayopewa nakala ya pakiti, yaani vipande vya data, za poti nyingine) ya swichi ya Cisco. Chanzo ni VLAN zote (mitandao midogo ndani ya swichi), naendesha tcpdump, programu ya kunasa pakiti. Wireshark, ninayosomea mafaili, imejaa "ACKed unseen segment", kila pakiti inaonekana mara mbili, na diski inajaa kabla ya siku mbili. Ninunue TAP, kile kifaa kinachokaa kwenye waya na kunakili kila kinachopita?

Kizota_Net
TAP isubiri kwanza mkuu. Ukichukua VLAN zote, swichi inanakili pakiti ikiingia na tena ikitoka, ndiyo hao mapacha unaowaona. Halafu poti ya SPAN inatoa Gbps 1 tu. Jumla ikizidi hapo, swichi inatupa ziada kimyakimya, na tcpdump haiwezi kuhesabu pakiti ambazo hazijaifikia. "ACKed unseen segment" maana yake mpokeaji amekiri kupata kitu ambacho mashine yako haikukiona. Mtandao haujapoteza, aliyekosa ni mnasaji.

Chukua poti moja tu, inayokwenda kwenye fayawoli:

`no monitor session 1`
`monitor session 1 source interface Gi1/0/24 both`
`monitor session 1 destination interface Gi1/0/23 encapsulation replicate`

Mbps 200 kwenda na 200 kurudi ni 400, zinaenea vizuri. Ila kama fayawoli hiyo hiyo ndiyo inayounganisha VLAN zako zenyewe kwa zenyewe, hesabu inabadilika, na hapo TAP ina haki yake. Kumbuka TAP ya kawaida ina matokeo mawili, moja kwa kila upande, hivyo kadi mbili zitaliwa na kunasa, na utahitaji ya tatu ya kuingilia kwenye mashine.

Chamwino_Seva
Kizota kamaliza swichi, mimi niende kwenye mashine.

Kadi ya kunasa usiipe IP. Zima uunganishaji wa pakiti, la sivyo utaona pakiti za baiti 5,000 na zaidi ambazo hazijawahi kupita kwenye waya:

`ethtool -K enp3s0 gro off lro off`
`ethtool -G enp3s0 rx 4096`

Kwa `ethtool -g` angalia kwanza kadi yako inaruhusu ngapi. Kisha badala ya tcpdump tumia dumpcap, mnasaji wa Wireshark:

`dumpcap -i enp3s0 -s 128 -B 256 -b filesize:1000000 -b files:3000 -w /data/nasa.pcapng`

Hiyo ni mafaili 3,000 ya GB 1, yaani TB 3, na la zamani linafutwa jipya likiingia. Mbps 400 zikijaa ni MB 50 kwa sekunde, GB 180 kwa saa. Ukihifadhi pakiti nzima TB 3 zinaisha kwa saa 16 na dakika 40. Kwa `-s 128` pakiti ya baiti 1,514 inabaki 128, na kwa tatizo la kasi vichwa vinatosha.

Mtego mmoja: dumpcap inakumbuka mafaili ya mzunguko wake tu. Umeme ukikatika ikaanza upya, yale ya zamani hayafutwi, na diski inajaa. Weka kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) ya kufuta yaliyopita siku 3, na UPS. Faili lililokatwa katikati Wireshark italilalamikia lakini italifungua.

Diski iwe ya kuandika mfululizo, kama zinazouzwa kwa kamera za ulinzi. Zile za SMR, ambazo njia zake za kuandikia zinalaliana, huanza vizuri, kisha akiba yake ikijaa zinazubaa. Kiangazi vumbi la Dodoma linaziba feni, kwa hiyo zipulize kila mwezi.

Mtumba_Nyaya
Asanteni sana. Mapacha yamekwisha na zile "ACKed unseen segment" zimetoweka. Sasa nasomaje?

Kizota_Net
Hakikisha chrony, programu ya kusawazisha saa, inafanya kazi, ili saa ya mashine na logi za seva zilingane. Chuja IP ya seva, kisha fuata ombi moja lililoganda. ACK ya seva (jibu la "nimepokea") ikirudi haraka, tuseme milisekunde 15, lakini data ikaja baada ya sekunde 4, laini haina kosa: seva ilipokea ombi ikachelewa kujibu. Ukiona `tcp.analysis.retransmission` (pakiti zilizotumwa tena) nyingi ndani ya sekunde hizo, rudi kwa mtoa huduma. `tcp.analysis.zero_window` ("sina nafasi ya kupokea") ikitoka kwa mtumiaji, kompyuta yake ndiyo imezidiwa.

Na kabla hujaendelea kunasa, pata kibali cha maandishi cha mwajiri. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mafaili hayo yana mawasiliano ya watu. Kibali kitaje poti, muda na nani anafungua mafaili.

Mtumba_Nyaya
Nimechuja leo saa tano: ACK milisekunde 11, data sekunde 3.8, mara sita mfululizo. Namtumia mtu wa seva kipande hicho tu, nimekikata kwa `editcap -A` na `-B`.

Chamwino_Seva
Mpe na namba ya `tcp.stream` (muunganisho husika) pamoja na saa kamili, aitafute kwenye logi ya hifadhidata.