Tupeane uzoefu: Kuvuka mpaka msimu wa Krismasi na wasafiri mliojuana njiani

Salamu kwenu nyote. Ninaandika kutoka Kisumu, na ningependa tukusanye hapa masimulizi ya wale waliowahi kubeba shanta na kwenda nchi jirani mwezi wa Desemba, kisha wakajikuta wanasafiri na watu ambao hawakuwajua kabla ya safari hiyo. Sisi wa magharibi tumebahatika, kwa sababu Busia, mpakani na Uganda, ni mwendo wa asubuhi moja, na tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Vijana wengi huondoka peke yao kwa sababu hiyo, na mazungumzo kuhusu namna ya kuchagua wenzi wa njiani hayafanywi vya kutosha.

Naanza na yangu. Desemba iliyopita nilipanda basi la kwenda Kampala peke yangu. Pale Busia msafiri huhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, upande wa nchi anayoingia, lakini msimu wa sikukuu foleni hurefuka hata hivyo. Katika foleni hiyo nilizoeana na wauguzi wawili wa kike kutoka Eldoret na kijana Mjerumani aliyekuwa na viza ya pamoja ya utalii, ile ya dola 100 inayomruhusu mgeni kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Tulipofika Jinja, tukiwa tunatazama mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, tulikuwa tumekwisha kubaliana kwenda pamoja hadi Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale.

Kilichotuweka pamoja ni daftari. Kila asubuhi kila mmoja alitoa kiasi sawa cha shilingi za Uganda, muuguzi mmoja akazitia katika mkebe wa majani ya chai, na mwenzake akaandika kwa penseli kila kilichotolewa: nauli, ndizi, chapati za mayai za kando ya barabara, malazi. Aliyeshika fedha hakuwa ndiye anayeandika. Unapobadilisha shilingi 1,000 ya Kenya ukapewa zaidi ya 20,000 za Uganda, ni rahisi mno kupoteza hesabu na kuanza kumshuku mwenzako, na shaka ikiingia kati ya watu waliojuana juzi hawana undugu wa kuwapatanisha. Jambo la pili ni kwamba tulikubaliana mapema kuachana kwa saa kadhaa kila siku. Siku ya Krismasi sisi watatu tulikwenda ibadani, na Mjerumani akapiga kasia katika mtumbwi wa gogo tangu asubuhi, akiwa amejifunika sweta mbili, maana ziwa hilo liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jioni tulikula pamoja kwa furaha ya kweli. Naamini tungelazimishana kuwa pamoja mchana kutwa, tungegombana kabla ya Mwaka Mpya.

Kutoka Kakamega:
Ahsante kwa kuanzisha jambo hili. Mimi niliendelea hadi Kigali kupitia Gatuna, mpaka wa Uganda na Rwanda, na kundi nililolipata Kampala. Wajulisheni wenzenu mapema kwamba Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwamba magari hupita upande wa kulia, na kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu 2008, kwa hiyo vitu vifungwe katika kitambaa au karatasi. Lililo zito zaidi ni hili: usiku wa kuamkia safari, mmoja wa kundi aliniomba nimvushie begi moja kwa kuwa yeye alikuwa na mizigo mingi. Nilimkatalia kwa heshima, nikamweleza kwamba afisa akiuliza begi ni la nani, jibu langu lazima liwe la kweli. Alinuna siku nzima, na hatukuendelea pamoja. Sikusikitika hata kidogo. Mtu mwema hulielewa katazo hilo mara moja.

Kutoka Nakuru:
Mimi ni msichana, na wazazi wangu waliniruhusu kwa masharti. Kabla ya kuondoka na dada niliokutana nao Kisii, kila mmoja wetu aliipiga picha kadi ya kitambulisho ya mwenzake na kuituma nyumbani kwao, na mama yangu akazungumza nao kwa simu. Aliyekataa sharti hilo hakusafiri nasi. Tulipitia mpaka wa Isebania hadi Mwanza, Tanzania, na huko kitambulisho hakitoshi, hivyo nendeni na pasipoti. Bebeni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na tangu 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote. Krismasi tulikaribishwa na shangazi wa mmoja wetu. Tulifika na sukari, mchele na mafuta ya kupikia, tukamwamkia shikamoo mlangoni, na alfajiri tukaamka kuchambua mchele wa pilau pamoja na binti zake. Shangazi yule bado hunipigia simu kuniuliza habari za masomo.

Kutoka Kisumu tena:
Nashukuru sana, dada, na nitaliiga sharti hilo la picha na simu. Mwaka huu ninakusudia kupitia Mutukula, mpaka wa Uganda na Tanzania, hadi Bukoba, kisha nivuke ziwa kwa meli hadi Mwanza na kurudi kupitia Sirari, upande wa Tanzania wa mpaka wa Isebania. Waliopita njia hiyo wakati wa sikukuu, naomba mtueleze kama tiketi za meli hupatikana bandarini siku ileile, na kama wasafiri waliojuana njiani huweza kupata nafasi za kulala pamoja ndani yake.