Hiram Johnson alishindaje ugavana wa California 1910 wakati kampuni ya reli ilishika kila kitu?

msomaji_usiku: Wakuu heshima kwenu, kuna jambo linanitatiza. Kila ninaposoma siasa za California za miaka ile naambiwa kampuni ya reli ya Southern Pacific ilikuwa na wabunge mfukoni, magazeti na hata majaji, sasa huyu wakili wa San Francisco alipenyaje? Maana aliahidi kitu kimoja tu, kuitoa reli kwenye siasa.

Mzee wa Kumbukumbu: Mkuu, jibu liko kwenye kura za maoni. Zamani mgombea alipatikana kwenye mkutano mkuu wa chama, na wajumbe ukiwapata umemaliza kazi. 1906 pale Santa Cruz, kwenye mkutano wa Republican, chama cha Johnson pia, Abe Ruef, kigogo wa siasa za San Francisco, alipeleka wajumbe wake kwa mtu wa reli, James Gillett, na ndiye akawa gavana. Sheria ikabadilishwa 1909, Agosti 1910 wanachama wakapiga kura wenyewe. Kununua wajumbe mia kadhaa na kununua jimbo zima ni vitu viwili tofauti kabisa.

tausi77: Na watu walishamjua jamani. 1908 mwendesha mashtaka Francis Heney alipigwa risasi mahakamani kwenye kesi za rushwa San Francisco, Johnson akaingia akaimalizia, na aliyefungwa ni huyohuyo Ruef, miaka 14! Halafu kampeni alizunguka kwa gari, treni hapandi, barabara zenyewe vumbi tupu, akifika mji inagongwa kengele ya ng'ombe watu wanatoka madukani wanakuja kusikiliza. Mimi hapo ndo nampendea, maana baba yake mzazi, Grove Johnson, alikuwa mwanasiasa wa upande wa reli.

Mzee wa Kumbukumbu: Kweli kabisa, hiyo ya baba nilisahau.

hesabu_za_kura: Naongezea, tusidhani aliwafagia. Alipata kama 177,000, Theodore Bell wa Democratic 155,000, na msoshalisti Stitt Wilson karibu 48,000, kwa hiyo nusu ya kura hakufikisha. Bell naye alikuwa anaipinga reli. Tena wanawake hawakupiga kabisa, haki hiyo waliipata Oktoba 1911 kwa tofauti ya kura 3,587 tu, siku ileile wapiga kura walipopitisha utaratibu wa kumng'oa kiongozi kabla muda wake haujaisha.

msomaji_usiku: Kumbe ndo sheria iliyomtoa gavana Gray Davis 2003?

hesabu_za_kura: Ndo hiyohiyo mkuu.