Je, Kapteni Hook aliadhibiwa au alisitiriwa?

Muuliza swali:
Ndugu wanajamvi, mwanangu ameniuliza swali lililonishinda. Filamu ya Peter Pan ya mwaka 1953, ambayo ameizoea, inamwacha Kapteni Hook akiwa hai, anaogelea kwa kasi huku mamba akimfukuza. Katika kitabu cha J. M. Barrie cha mwaka 1911, ambacho tumekimaliza juzi, haramia huyo anaishia kwa mamba. Kifo chenyewe hakikumshtua mtoto. Kilichomsumbua ni kusoma kwamba Hook alikwenda akiwa ameridhika. Mtu aliyethubutu kutia sumu katika dawa ya Peter, mvulana aliyekuwa adui yake, anaridhikaje, na sisi tumhukumu vipi?

Jibu la kwanza:
Mwisho ule haueleweki bila habari ya saa. Peter alimkata Hook mkono akamtupia mamba, naye mamba akaunogewa hata akawa anamwandama baharini na nchi kavu, akitamani sehemu iliyobaki. Bahati ya Hook ni kwamba mnyama huyo alikuwa amemeza saa, na mlio wake ulimtahadharisha kila alipokaribiwa. Serahangi wake, Smee, alimwambia kwamba iko siku saa ile itakwisha ufunguo, na Hook akakiri kuwa hiyo ndiyo hofu inayomkosesha raha. Basi alipopanda ukingo wa meli ili ajitupe majini, saa ilikuwa imekufa, na msimulizi anatamka wazi kwamba ameisimamisha makusudi ili Hook asijue kinachomngoja, ikiwa ni heshima ndogo ya mwisho. Mwandishi anayetaka kumwadhibu mtu hamfichii hofu yake kuu.

Jibu la pili:
Nakubali kuhusu saa, lakini kuridhika kwake kunatoka kwingine. Hook alisoma katika shule ya watoto wa tabaka la juu, na tangu hapo uungwana ulikuwa kidonda moyoni mwake: aliuwaza usiku na mchana, na aliumia kuona Peter anao bila hata kujua. Pale ukingoni alimwashiria Peter atumie mguu, Peter akampiga teke badala ya kumchoma jambia, na Hook akapaza sauti ya kejeli kwamba huo si uungwana. Alishindwa vita, meli na maisha, lakini alimwona adui yake akikosea adabu mara moja, na hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote. Mweleze mtoto kwamba Hook hakufurahia kifo, bali kosa hilo la adui yake.

Jibu la tatu:
Mimi naona mamba si mwisho wa Hook. Usiku wa kwanza Peter alipovaa suti iliyoshonwa kutokana na mavazi ya marehemu, alikaa kwa muda mrefu chumbani mwake, amekunja kidole kimoja mfano wa kulabu ambayo Hook aliivaa badala ya mkono uliokatwa. Kisha, katika sura ya 17, Wendy, msichana rafiki yake Peter, anapotaja habari za Hook, Peter anauliza huyo Hook ni nani, na kueleza kwamba yeye huwasahau akishawaua. Nilipoisoma sehemu hiyo nikiwa mtu mzima nilifunga kitabu kwanza. Teke na meno ya mamba havikunihuzunisha kama hilo.

Muuliza swali:
Ahsanteni sana. Jana usiku tumeisoma tena sura hiyo ya 17, na mwanangu amenyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Wendy, hata hivyo, alikuwa bado anamkumbuka.