Kufunga kizazi: mliofunga, wake kwa waume, tupeane uzoefu

MamaPacha_Moro: Wapendwa, wifi yangu yuko wodini, kesho anapasuliwa mara ya nne. Daktari kamuuliza afungwe humohumo? Kaka kagoma, mama yetu kagoma, mwenyewe analia tu. Mimi nilifungwa 2016 kwenye oparesheni ya pacha. Hedhi naiona kama kawaida, na huu unene ni wa ugali. Wenzangu ilikuwaje?

Tausi wa Kilwa: Mie kwa ganzi tu, kidonda hakifiki kidole. Nikaambiwa nisinyanyue ndoo wiki nzima. Siku ya tatu nikanyanyua. Nilijuta!

Msukuma_Asilia: Mume ndiye asithubutu. Madume yangu nimeyahasi, najua yanavyokuwa mapole.

FundiRangi: Mkuu, kuhasi ni kuponda kokwa. Vasektomi wanakata kamrija kanakopitisha mbegu, basi. Kwangu dakika 20 hazikufika, na jogoo anawika. Ila nilivaa kondomu miezi mitatu, kisha nikapimwa, maana mbegu za zamani zinabaki njiani. Jirani yangu hakusubiri, mkewe akanasa. Mpaka leo yule mtoto anaitwa wa bodaboda.

Msukuma_Asilia: Na anafanana na nani? 😂

FundiRangi: Na jirani! Soma vizuri.

Nuru_Mbeya: Samahani, yangu ndefu. Nilifungwa baada ya mtoto wa tano, nikasahau kabisa habari za mimba. Mwaka wa nne siku zangu zikapitiliza, nikajua ndo ukomo unaingia. Nikiwa sokoni napanga viazi, tumbo likanichoma upande wa kushoto, halafu bega. Bega! Nikadhani ni gunia la jana. Nikameza panado mbili, nikaendelea kuuza. Kilichofuata nasimuliwa: nilidondokea viazi vya mwenzangu, wakanipakia kwenye kirikuu. Hospitali wananiuliza una mimba, nami nabisha, nimefungwa! Kumbe ilitunga kwenye mrija, ukapasuka, tumbo limejaa damu. Niliongezewa chupa tatu. Vile viazi nililipa.

Tausi wa Kilwa: Yarabi! Pole mwanangu.

Zai86: Sasa nimeogopa.

NesiMstaafu: Msitishane. Kati ya wanawake 1,000 waliofungwa, kama 5 hivi hushika mimba mwaka wa kwanza, na hatari ndogo inabaki miaka inayofuata. Ila ikishika, uwezekano wa kutunga nje ya kizazi ni mkubwa. Ukipitiliza siku na tumbo linauma, kimbia, usimeze panado. Bega linauma kwa sababu ya damu iliyovuja tumboni.

Asiyejuta_SioMimi: Nyie mnasifia. Mimi nilikuwa na miaka 26, karatasi nimeletewa uchungu umepamba moto, ningesaini hata kuuza nyumba. Sasa nina mume mwingine, hana mtoto. Kuzibua wanasema ni upasuaji mkubwa, na uhakika hakuna.

NesiMstaafu: Hayo si ya kuulizana leba. Mwenye shaka aweke kitanzi cha shaba, kinakaa hadi miaka 12.

Zai86: Changu kilitoka chooni mwezi wa pili.

Msukuma_Asilia: Laleni vitanda tofauti, bure kabisa.

Zai86: Kwako mmelala tofauti na watoto wanane?

MamaPacha_Moro: Nimemsomea wifi. Anamuuliza FundiRangi: mama yako ulimwambiaje?

FundiRangi: Hajui. Kila Idi ananiuliza mbona umeishia wawili.

MamaPacha_Moro: Kaka kachukua simu. Anasoma mwenyewe.