Tupeane uzoefu: feni ya prosesa inayokataa kubadili kasi

MLETA MADA (Ngarenaro, Arusha)

Wadau wa kompyuta wa Arusha na Moshi, habari za leo. Naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu feni ya prosesa ambayo kasi yake haibadiliki, iwe imeng'ang'ania kasi ya juu tangu kompyuta inapowashwa, au imebaki taratibu hata prosesa inapochemka. Ninaendesha duka dogo la kuchapa na kutoa nakala. Kompyuta yetu ya mezani, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika, ilibadilishwa feni na fundi baada ya ile ya awali kukwama, na tangu siku hiyo feni mpya inavuma kwa nguvu ile ile asubuhi kabla sijafungua programu yoyote na mchana tunapochapa mitihani ya shule. Ukurasa wa BIOS, yaani programu ya ubao mama yenye mipangilio ya kompyuta, unaonyesha prosesa ikiwa na nyuzijoto 38 na feni ikizunguka takriban mara 2,900 kwa dakika. Nimebadili mpangilio wa feni kutoka wa kawaida kwenda wa kimya, nikahifadhi na kuwasha upya, lakini sauti ni ile ile.

Atakayesimulia naomba ataje feni yake ina pini ngapi, alipima nini kabla ya kugusa chochote, na ni badiliko gani hasa lililoleta nafuu. Ushauri wa kupuliza vumbi nimeshaupata kwa wingi na ninaushukuru, ila siuoni ukigusa tatizo langu, kwa sababu vumbi huipandishia prosesa joto na feni ikakimbia kulifuata joto hilo, ilhali hapa prosesa imepoa na feni bado inakimbia.

MCHANGIAJI (Rau, Moshi)

Ndugu mleta mada, pole na kelele. Feni yangu ilikuwa ya pini tatu, na nilipoihamishia kwenye ubao mama mpya ilianza kuvuma muda wote kama unavyoeleza. Kilichonisaidia ni kuelewa tofauti ya pini zenyewe. Feni ya pini tatu ina waya hasi, waya wa volti 12 na waya wa kuripoti kasi, basi. Haina mahali pa kupokea amri, kwa hiyo ubao unaotaka kuipunguza mwendo hauna budi kuishushia volti. Feni ya pini nne ina waya wa ziada unaopokea amri kwa mfumo wa PWM, yaani mapigo ya umeme yapatayo 25,000 kwa sekunde, ambamo ubao hurefusha au kufupisha muda wa umeme kuwaka ndani ya kila pigo huku volti 12 zikibaki pale pale.

Sasa, soketi ikiwa imewekwa katika hali ya PWM na feni iliyochomekwa ni ya pini tatu, amri zinatumwa kwenye pini ambayo haina waya, na feni inaendelea kula volti 12 zote bila kujua kuwa inaambiwa itulie. Niliingia BIOS, nikabadili hali ya soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC, yaani ile ya kushusha volti, na feni ikatii papo hapo. Niongeze kwamba si kila ubao una chaguo hilo kwenye soketi ya prosesa. Baadhi ya mbao soketi ile inajua PWM tu, na hapo dawa ni kununua feni ya pini nne.

MLETA MADA

Asante sana, ndugu wa Rau. Yangu ina nyaya nne, nyeusi, njano, kijani na bluu, na plagi ina matundu manne.

FUNDI (jirani na Soko Kuu, Arusha)

Rangi hizo ni za mpangilio wa kawaida: nyeusi ni hasi, njano ni volti 12, kijani inaripoti kasi na bluu inapokea amri. Naomba nieleze ninavyofanya karakana mteja anapoleta tatizo hili, kwa sababu naona wengi wanakimbilia kubadilisha feni, kisha ubao, kisha kompyuta nzima, kabla ya kujua ni nani kati yao asiyesikia na ni nani asiyesema.

Kwanza ninachomeka kwenye soketi ile ile feni nyingine ya pini nne ambayo nina hakika nayo. Ikitii, ubao hauna kosa na feni ya mteja ndiyo yenye shida. Isipotii, ninaichukua feni ya mteja na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine ninayoijua, nione itafanya nini huko. Ubadilishanaji huo unachukua muda mfupi na unaondoa nusu ya mabishano. Jambo ambalo wateja wengi hushangaa kulisikia ni kwamba feni ya PWM iliyopoteza waya wake wa amri haizimi, bali hukimbia kwa kasi yake ya juu kabisa. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili waya ukikatika prosesa isiungue. Kwa hiyo feni inayovuma daima huku ikiendelea kuripoti kasi yake vizuri inanifanya niutazame waya wa bluu kabla ya kitu kingine: je, umebanwa na klipu ya kipoza joto, umeyeyuka kwa kugusana na chuma cha moto, au pini ya nne kwenye ubao imepinda plagi ilipolazimishwa kuingia kinyume?

Onyo moja kwa wanaonunua kompyuta zilizotoka maofisini, ambazo hapa mjini ndizo nyingi. Baadhi yake zina plagi ya feni yenye pini tano au sita, na nyingine zina pini nne lakini mpangilio wa nyaya si ule wa kawaida. Nimeletewa ubao ambao mtu aliikata plagi ya zamani akaunganisha feni ya dukani kwa kufuata rangi tu, na volti 12 zikaenda mahali pasipozihitaji. Pima kwa mita kwanza, au tafuta waya wa kubadilishia uliotengenezwa kwa modeli hiyo.

Halafu nina swali kwa mleta mada. Hiyo mizunguko 2,900 uliyoisoma kwenye BIOS imeandikwa kwenye mstari wa feni ya prosesa, au kwenye mstari mwingine?

MCHANGIAJI (Njiro, Arusha)

Wakati tunasubiri jibu, nitoe kisa cha upande wa pili, kwa sababu feni inayobaki taratibu ni hatari zaidi ingawa haimsumbui mtu masikio. Ninahariri video za harusi, na kompyuta yangu ilikuwa ikianza vizuri kisha inapunguza mwendo katikati ya kazi, huku feni ikiwa imetulia kana kwamba hakuna kinachoendelea. Nilifungua programu ya kusoma vihisi joto nikaona prosesa imefika nyuzi 95 na feni iko kwenye mizunguko 900 kwa dakika.

Feni ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. Shida ilikuwa kwamba katika mipangilio ya ubao wangu kila soketi ya feni huchaguliwa kihisi cha kukifuata, na soketi ya prosesa ilikuwa inafuata kihisi cha ubao wenyewe, ambacho kilikuwa kikisoma nyuzi arobaini na kitu. Feni ilikuwa inatii kikamilifu, ila ilikuwa inasikiliza joto lisilo lake. Nilichagua kihisi cha prosesa na kuchora upya mchoro wa kasi: taratibu hadi nyuzi 50, kupanda polepole hadi 70, kisha kasi yote kuanzia 85.

Baada ya hapo likazuka lingine dogo, kwamba feni ilipanda na kushuka kila baada ya sekunde chache. Lilikuwa na sababu mbili. Joto la prosesa za siku hizi hupanda ghafla kwa kufungua dirisha moja tu, kwa hiyo niliweka ucheleweshaji wa sekunde chache kabla feni haijabadili kasi. Sababu nyingine ni kwamba nilikuwa na programu mbili za kusimamia feni kwa pamoja, ile ya ubao na nyingine niliyoipakua, na kila moja ilikuwa inafuta amri ya mwenzake. Chagua msimamizi mmoja.

MWALIMU (Himo)

Ninatunza maabara ya kompyuta ya shule, nasi tunatumia Linux. Wenzangu wanaotumia mfumo huo wanajua kwamba lm-sensors husoma vihisi, pwmconfig hutafuta feni zinazotii amri, na fancontrol huzisimamia kwa kufuata faili ya mipangilio. Kwetu feni zilitii vizuri hadi siku tulipofanya masasisho ya mfumo, ndipo fancontrol ikakataa kuanza. Chanzo kilikuwa namba za vifaa: kifaa kilichokuwa hwmon2 kiliamka kikiwa hwmon3, na faili ya mipangilio ikawa inaelekeza mahali ambapo hapana feni. Tuliendesha pwmconfig upya na huduma ikarudi.

Kwa anayetaka kupima kwa mkono, thamani ya pwm huanzia 0 hadi 255, lakini haitafanya kazi kabla ya kuiweka pwm_enable ya feni hiyo kuwa 1, maana yake udhibiti wa mkono. pwm_enable ikiwa 0, feni huachiwa kasi yote. Nimeona mtu akiandika thamani ya 80 na kulalamika kuwa feni ni kiziwi, kumbe udhibiti bado ulikuwa mikononi mwa ubao.

MCHANGIAJI (Majengo, Moshi)

Changu ni kifupi. Kila umeme ulipokatika usiku, asubuhi feni iliamka inavuma na saa ya kompyuta ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma. Betri ya BIOS, ile duara ya CR2032, ilikuwa imekwisha, hivyo mipangilio yote ilikuwa inafutika. Nilibadilisha betri, nikaweka mipangilio tena, na mambo yakatulia.

MCHANGIAJI (Tengeru)

Kwa wenye kompyuta mpakato, msihangaike kutafuta hali ya DC au PWM, kwa kuwa nyingi haziionyeshi kabisa. Feni inasimamiwa na chipu ndogo ya pekee iliyo kwenye ubao. Yangu ilipokwama kwenye kasi ya juu niliizima, nikachomoa chaja na betri, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, na ilipowaka feni ikarudi katika hali yake. Wapo wanaofanikiwa kwa kusasisha BIOS, ila kwa umeme wetu huu sasisho hilo lisifanywe bila betri iliyojaa au UPS.

Swali langu: je, mwinuko wetu hauchangii? Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga.

FUNDI (jirani na Soko Kuu, Arusha)

Unachangia kidogo, kwa maana hewa nyepesi hubeba joto pungufu kwa mzunguko ule ule, kwa hiyo feni ya hapa inaweza kulazimika kukimbia zaidi kuliko ya Tanga kwa kazi na joto lile lile la chumba. Hauwezi lakini kuizuia feni isibadili kasi.

MLETA MADA

Fundi, swali lako limenifungua macho. Nimerudi kwenye BIOS na kukuta kwamba mstari wa feni ya prosesa unasoma sifuri, na ile 2,900 iko kwenye mstari wa pampu. Nimefungua boksi na kufuata waya: aliyebadilisha feni aliichomeka kwenye soketi ya pampu ya maji (ya kompyuta zinazopozwa kwa maji), nadhani kwa sababu waya ni mfupi na soketi hiyo iko karibu zaidi. Mpangilio wa kimya niliokuwa nauchagua ulikuwa wa soketi tupu. Nimezima kabisa, nimepitisha waya upande wa juu wa kipoza joto na kuuchomeka kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN. Sasa feni iko mizunguko 1,100 kompyuta ikiwa imetulia, na tulipochapa kwa wingi ilipanda hadi 1,900 kisha ikashuka yenyewe. Kinachonitatiza ni kwamba nilidhani kompyuta isiyoona feni ya prosesa hutoa onyo inapowashwa, na yangu haikuwahi kutoa.

FUNDI (jirani na Soko Kuu, Arusha)

Soketi ya pampu kwa kawaida hutoa kasi yote, kwa sababu pampu haitakiwi kupunguzwa mwendo, kwa hiyo feni yako ilikuwa inafanya ilichoambiwa. Kuhusu onyo, tazama ukurasa ule ule wa BIOS, kwenye ufuatiliaji wa kasi ya feni ya prosesa. Bila shaka utakuta umewekwa upuuzwe, ndiyo maana kompyuta ilikuwa inawaka bila kulalamika. Uondoe upuuzaji huo leo, uweke kikomo cha chini kama mizunguko 600 ikiwa ubao wako unakubali, kisha zima kompyuta, chomoa feni na uwashe mara moja tu kuhakikisha onyo linatokea. Likishatokea, zima haraka na uirudishe feni kwenye soketi yake.